Kamala: 'Jitu la Uganda' lililozaliwa Mississippi

Kabla simu za mkononi hazijaweza kuonyesha picha, vijana wa Kibera na Kawangware jijini Nairobi walikuwa na mahali pao pa kukutania Jumamosi jioni. Palikuwa ni ukumbi wa video: kibanda cha mabati, mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, dirisha lililozibwa kwa gunia ili mwanga usipenye, na televisheni moja iliyoinuliwa juu ili hata aliyesimama nyuma aione. Kwa kiingilio cha shilingi chache, mtu alitazama filamu za kivita, kandanda ya Ulaya na, usiku ulipokolea, mieleka kutoka Marekani.

Mieleka hiyo ilizusha mabishano ambayo hayakumalizika ukumbini. Yaliendelea njiani, kwenye foleni ya maji na hata darasani Jumatatu asubuhi. Je, damu ile ni ya kweli? Je, Undertaker ana roho saba kama ilivyosemwa? Je, Hulk Hogan anaweza kumwinua mtu mwenye uzani wa gunia mbili za mahindi?

Miongoni mwa wahusika wa michezo hiyo kulikuwa na mmoja aliyedaiwa kuwa jirani yetu. Aliitwa Kamala, na mtangazaji alipomtambulisha alimwita Jitu la Uganda. Alikuwa mtu mweusi, mrefu wa zaidi ya futi sita na nusu, mwenye uzani uliozidi kilo 160. Alitembea miguu mitupu. Kiunoni alifunga kitambaa chenye madoadoa ya chui. Mkononi alishika mkuki na ngao, usoni alivaa kinyago kikubwa, na alipokivua uso wake ulionekana umechorwa mistari ya rangi. Kifuani alikuwa na nyota na tumboni alikuwa na mwezi. Hakutamka neno lolote linaloeleweka. Alitoa mlio, akatoa macho, akalipiga tumbo lake kwa viganja vyote viwili hadi likavuma kama ngoma.

Mtu huyo hakuwa Mganda. Jina lake halisi lilikuwa James Harris, na alizaliwa Mei 28, 1950, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Kisa cha jinsi Mmarekani huyo alivyogeuzwa kuwa mtu wa msituni kutoka Afrika Mashariki kinaeleza mengi kuhusu sanaa ya mieleka ya kulipwa. Vilevile kinaeleza jambo ambalo wakazi wa Kibera na Kawangware wanalielewa kuliko watu wengi, yaani kuchorwa na watu wengine na kutakiwa kuishi ndani ya mchoro huo.

Kutoka shambani hadi ulingoni

Harris alizaliwa Senatobia na kulelewa Coldwater, miji midogo ya kaskazini mwa Mississippi, katika familia ya Wamarekani Weusi waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi. Hakusoma sana. Akiwa kijana aliingia katika wizi, akalazimika kuuhama mji wake, akaenda Florida alikochuma matunda na kuendesha malori. Baadaye alihamia Michigan, na huko akakutana na Bobo Brazil, mmoja wa wanamieleka weusi wa kwanza kupata umaarufu mkubwa nchini Marekani. Huyo ndiye aliyemwingiza katika kazi hiyo.

Harris alianza kupigana mwaka 1978. Kwa miaka michache alizunguka majimbo ya kusini kwa majina kama Sugar Bear Harris na Big Jim Harris, kisha akaenda Uingereza. Alikuwa na mwili, alikuwa na nguvu, lakini hakuwa na kitu cha kumfanya mtazamaji amkumbuke akishatoka ukumbini. Katika mieleka ya kulipwa, hilo ni kosa kubwa kuliko kushindwa.

Mwaka 1982, akiwa amerejea Marekani baada ya kuumia kifundo cha mguu, alikutana mjini Memphis na Jerry Lawler, mwanamieleka ambaye pia alikuwa mchoraji hodari. Lawler na mwandalizi wa mapambano Jerry Jarrett ndio walioibuni sura ya Kamala. Lawler alibuni rangi na mavazi. Filamu fupi ya kumtambulisha ilipigwa katika shamba la Jarrett huko Hendersonville, jimbo la Tennessee, huku moshi wa barafu kavu ukitanda kati ya miti ili pafanane na msitu wa Afrika. Watazamaji wakaambiwa kwamba meneja J.J. Dillon alimgundua katika ziara barani Afrika, kwamba alikuwa mla watu, na kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin.

Hivyo ndivyo Uganda ilivyoundwa: shamba moja, moshi kidogo, na jina la mtawala ambaye kila Mmarekani mwenye televisheni alikuwa amelisikia.

Mhusika ndiye anayeamua mapigo

Asiyeijua mieleka hii hudhani kwamba mavazi ni pambo tu, na kwamba kazi yenyewe ni mapigo. Ukweli ni kinyume. Mhusika ndiye anayeamua mapigo, na ndiye anayeamua hata namna ya kuanguka.

Mieleka ya kulipwa si mashindano kama yale ya Olimpiki. Mshindi hupangwa kabla ya pambano. Kampuni ya World Wrestling Federation yenyewe ilikiri mwaka 1989, mbele ya wabunge wa jimbo la New Jersey, kwamba shughuli yake ni burudani, ili iepuke sheria na ada zinazotozwa michezo ya kweli. (Kampuni hiyo ilijulikana kwa herufi WWF hadi Mei 2002, ilipoanza kuitwa WWE baada ya kushindwa mahakamani nchini Uingereza na shirika la kuhifadhi mazingira lenye herufi hizo hizo.) Hata hivyo, kupangwa kwa matokeo hakumaanishi kwamba mwili hauumii. Mtu anayeangushwa mara mia tatu kwa mwaka juu ya mbao zilizotandikwa godoro jembamba huyabeba maumivu hayo hadi uzeeni.

Kwa hiyo swali la msingi kwa mwanamieleka ni hili: mhusika wangu angepigana vipi? Harris alilijibu kwa umakini mkubwa.

Kwanza, Kamala hakujua mieleka. Hakushika mkono wa mpinzani na kuupinda kwa ufundi, wala hakutumia kabali za kitaalamu. Alipiga kwa kiganja wazi kutoka juu kwenda chini, kifuani au kichwani, kama mtu anayetwanga. Kiganja wazi hutoa sauti kubwa ambayo husikika hadi viti vya nyuma, nacho huumiza kidogo kuliko ngumi. Alirusha teke. Kisha alimalizia kwa kuurusha mwili wake mzima juu ya mpinzani aliyelala chali. Pigo hilo la mwisho lilionekana la kuvunja mbavu, lakini usalama wake ulitegemea jinsi Harris alivyotua, sehemu kubwa ya uzani ikipokewa na magoti na mikono yake. Mtu wa kilo 160 asiyejua kazi angeua mtu. Kazi ya Harris ilikuwa kuonekana hajui kazi huku akiijua barabara.

Pili, Kamala hakuanguka ovyo. Pigo la kwanza la mpinzani halikumtikisa. La pili lilimfanya akune kichwa. La tatu lilimyumbisha, na ndipo ukumbi ulipoanza kusimama. Hii ni hesabu ya zamani katika mieleka: jitu likianguka upesi, hakuna tena jitu. Ndiyo maana mapambano yake dhidi ya Andre the Giant na, baadaye, Hulk Hogan yalijaza kumbi. Watu walilipa ili wamwone yule asiyeanguka akianguka.

Tatu, kulikuwa na mchezo wake wa kumbana mpinzani. Katika mieleka, mshindi ni yule anayeyabana mabega ya mwenzake sakafuni hadi mwamuzi ahesabu tatu. Kamala mara nyingi alimlalia mpinzani aliyelala kifudifudi, akangoja ahesabiwe. Mwamuzi alikataa. Msimamizi wake alipiga kelele kutoka nje ya ulingo, akionyesha kwa mikono kwamba amgeuze. Kamala hakuelewa. Watu walicheka, na wakati wanacheka mpinzani alipata nafuu. Ukiutazama kiufundi, mchezo huo ni wa werevu mkubwa, kwani unampa mnyonge nafasi ya kurudi pambanoni bila kumpunguzia jitu nguvu. Ukiutazama kwa jicho la Mwafrika, unasema jambo jingine: kwamba mtu huyu ana mwili lakini hana akili.

Nne, ukimya. Harris alikuwa Mmarekani aliyezungumza Kiingereza cha kusini, na neno moja tu lingemfichua. Wanamieleka wa enzi hizo walikuwa na kanuni waliyoiita 'kayfabe', iliyomtaka kila mmoja aishi kama mhusika wake hata nje ya ulingo, hotelini na uwanja wa ndege. Kwa Kamala, kanuni hiyo ilimaanisha kunyamaza hadharani. Mameneja ndio waliozungumza kwa niaba yake.

Na hapo ndipo panapomhusu msomaji wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Msimamizi aliyemwongoza Kamala hadi ulingoni aliitwa Kim Chee. Alificha uso, akavaa mavazi ya rangi ya kaki na ile kofia ngumu ya jua iliyovaliwa na maafisa wa kikoloni. Yeyote aliyewahi kuona picha ya gavana au ya mkuu wa wilaya wa zama za ukoloni katika kitabu cha historia cha shule ya msingi anaitambua kofia hiyo. Ulingoni, mwenye kofia alikuwa na amri, na mwenye mkuki alikuwa na nguvu zisizo na mwelekeo hadi aamriwe. Historia ya miaka sabini ilifupishwa kuwa matembezi ya dakika mbili kutoka mlangoni hadi kwenye kamba.

Uganda ya Memphis na Uganda ya Kibera

Kwa nini Uganda? Jibu ni Idi Amin. Alitwaa mamlaka Januari 25, 1971, akafukuza Waasia mwaka uliofuata, na serikali yake ikaua watu wengi kabla ya majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni kuiteka Kampala Aprili 11, 1979. Mwaka 1982, jina la Uganda lilikuwa bado linanuka hofu katika masikio ya watu wa ng'ambo. Waandalizi wa Memphis hawakuhitaji kueleza lolote zaidi.

Aidha, Amin mwenyewe alikuwa mtu wa ulingoni. Alijiunga na jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, akahudumu hapa Kenya wakati wa vita vya Mau Mau, na kwa miaka kadhaa kuanzia 1951 alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda. Alifahamu thamani ya mwili mkubwa na maonyesho. Ni kweli pia kwamba magazeti ya Magharibi yalimchora kama kikaragosi mchekeshaji, na kikaragosi hicho kikawafunika wahasiriwa wake. Kamala alikuwa kikaragosi cha kikaragosi.

Lakini msomaji wa Kibera ana sababu nyingine ya kusita. Mtaa huo ulianza kama makao ya askari wa Kinubi, wanajeshi wenye asili ya Sudan walioajiriwa na Waingereza, wengi wao wakiwa wamepitia Uganda, kisha wakatumikia jeshi hilo hilo la King's African Rifles. Walianza kupewa makao hapo mwaka 1904, na jina lenyewe, Kibra, linatokana na neno la Kinubi linalomaanisha msitu. Wajukuu na vitukuu vyao bado wanaishi Makina na sehemu nyingine za Kibera, na ilikuwa mwaka 2017 tu walipokabidhiwa hatimiliki ya ardhi ya jamii ya ekari 288, baada ya zaidi ya karne moja ya kuitwa wageni.

Nchini Uganda, Wanubi walihusishwa na utawala wa Amin, na ulipoanguka wengine walikimbilia nchi jirani kuokoa maisha. Kwa hiyo 'askari wa Amin kutoka msituni', ambaye huko Memphis alikuwa mzaha wa kuuza tiketi, katika vichochoro vya Makina lilikuwa neno lililoweza kumgusa mtu aliyeketi benchi moja nawe. Msitu wa Kibra ulikuwa wa kweli, askari walikuwa wa kweli, na hakuna aliyekula mtu.

Simba saba au saba simba?

Kamala hakuwa peke yake. Mieleka ya Marekani ilikuwa na desturi ndefu ya kutengeneza Waafrika. Abdullah the Butcher, aliyetangazwa kuwa mwendawazimu kutoka Sudan, ni Lawrence Shreve wa Windsor, nchini Canada. Mwaka 1988, WWF ilimchukua mzungu mnene aitwaye George Gray, ikamvika mavazi ya rangi rangi, ikamwita Akeem na kudai kwamba ana asili ya Afrika. Mwaka 1990, Tony Atlas, mwanamieleka mweusi wa Marekani aliyekuwa maarufu kwa jina lake, alirudishwa akiwa na ngao, mkuki na taji la manyoya, akipewa jina la Saba Simba.

Jina hilo la mwisho linahitaji maelezo kidogo kwa wasomaji wetu, ingawa pengine wamekwisha kucheka. Kwa Kiswahili, idadi hufuata nomino. Husemwa simba saba, wala si saba simba. Mkazi wa Kibera halihitaji somo la sarufi kulijua hilo, kwani anaishi jirani na Laini Saba, na hajasikia kondakta yeyote akiita Saba Laini. Waliolitunga jina hilo walihitaji tu lisikike la Kiafrika, na kama lingeeleweka au la, hilo halikuwa jambo lao.

Wahenga walinena kwamba akutukanaye hakuchagulii tusi. Hata hivyo, ingekuwa makosa kudhani kwamba watazamaji wetu walikaa kimya wakitukanwa. Hapa Nairobi, kama Kampala, filamu za kigeni zina wafasiri wao, watu wanaozungumza juu ya sauti ya filamu kwa Kiswahili, Sheng' au Luganda, wakiongeza vichekesho na kuwabatiza wahusika majina ya mtaani. Mikononi mwa mfasiri hodari, jitu kutoka msituni hugeuka kuwa mjomba aliyekasirishwa na mwenye nyumba. Hiyo nayo ni namna ya kujibu.

Wembley, jeneza na hesabu ya mwisho

Kilele cha Kamala mbele ya macho ya dunia kilikuwa mwaka 1992, alipogombanishwa na Undertaker. Agosti 29 mwaka huo walikutana katika uwanja wa Wembley jijini London, mbele ya umati uliotangazwa kuzidi watu 80,000. Undertaker, ambaye jina lake halisi ni Mark Calaway, alishinda baada ya upande wa Kamala kuvunja kanuni. Novemba 25 walikutana tena huko Ohio katika pambano la jeneza, ambalo aliyeshindwa alifungiwa ndani. Kamala ndiye aliyefungiwa.

Mapambano hayo yanafaa kutazamwa kwa sababu yaliwakutanisha wahusika wawili wasiozungumza sana, walioundwa kwa njia tofauti kabisa. Undertaker alitembea polepole, hakuonyesha maumivu, na akiangushwa aliketi wima ghafla kama maiti iliyoitwa. Ukimya wake ulisomwa kama hekima ya kaburini. Ukimya wa Kamala ulisomwa kama ujinga. Undertaker alipewa nafasi ya kubadilika kwa miaka thelathini, tangu Novemba 22, 1990, hadi alipoaga rasmi tarehe hiyo hiyo mwaka 2020, akiwa ameigiza maiti, mwendesha pikipiki na mkongwe anayeheshimiwa. Kamala alipobadilishwa, mwanzoni mwa 1993, alikabidhiwa kwa mhusika wa mhubiri aitwaye Slick, aliyejitahidi kumfundisha kwamba yeye ni binadamu. Mwaka huo huo aliondoka katika kampuni hiyo.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini Harris alikubali? Swali hilo ni rahisi kuuliza ukiwa umeshiba. Kwa mtoto wa shamba lisilo lao, aliyeacha shule na kuchuma machungwa, Kamala alikuwa kazi ya kwanza iliyompeleka Wembley. Aliifanya kwa ustadi ambao wenzake waliusifu. Baadaye alisimulia maisha yake katika kitabu, na hakuficha kwamba aliona tofauti kati ya alicholipwa yeye na walicholipwa wenzake wa daraja lake.

Wanamieleka wa kampuni hizo huhesabiwa kuwa wakandarasi wanaojitegemea, si waajiriwa. Maana yake ni kwamba hakuna bima ya afya ya kampuni wala malipo ya uzeeni. Harris alirudi kuendesha malori. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na mwishoni mwa mwaka 2011 alikatwa mguu wa kushoto. Miezi michache baadaye, mwaka 2012, alikatwa wa kulia. Alijipatia riziki kwa kutengeneza viti vya mbao kwa mikono yake na kuviuza. Alifariki Agosti 9, 2020, akiwa na umri wa miaka 70, baada ya kuambukizwa Covid-19.

Fundi anayeunda viti kando ya barabara ya Naivasha pale Kawangware hangeona ajabu yoyote katika maisha hayo. Kuacha kijiji kwa sababu ardhi si yako, kufanya kazi ya mwili mpaka mwili ukatae, kukosa bima, kisha kurudi kwenye ufundi wa mikono: hayo ni maisha anayoyafahamu. Ajabu ni kwamba Harris alikuwa na mengi ya kuzungumza na watu wa Afrika Mashariki, na kazi yake ilimkataza kuzungumza.

Anayeshika brashi

Mambo yamebadilika, ingawa taratibu. Kofi Sarkodie-Mensah, mzaliwa wa Ghana, alipoingia WWE mwaka 2008 alitambulishwa kwa jina la Kofi Kingston, Mjamaika mwenye lafudhi ya kuigiza. Mwaka 2009 lafudhi hiyo iliachwa, na akaanza kutangazwa kuwa mtu wa Ghana. Aprili 7, 2019, alitwaa taji la WWE, akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kulishika, na baadaye mwaka huo akalipeleka Ghana. Hakubeba mkuki. Mtindo wake ulikuwa wa wepesi na kuruka, na sifa yake ilitokana na mtindo huo.

Nchini Uganda kwenyewe, nchi ambayo Kamala alidaiwa kutoka, vijana wa Mukono karibu na Kampala wamejenga mieleka yao. Inaitwa Soft Ground Wrestling, na iliyateka macho ya dunia mwaka 2023 kupitia video zilizosambaa mitandaoni. Mwanzilishi wake, Daniel Bumba, aliwahi kufasiri mieleka ya Marekani kwa Luganda. Ulingo wao ulikuwa nguzo za mianzi na kamba, na sakafu yake udongo uliolainishwa kwa maji ili mtu anayeanguka asivunjike. Hapo vijana wa kike na wa kiume hujichagulia wenyewe majina, mavazi na mapigo. Waovu wapo, mashujaa wapo, na matokeo hupangwa kama ilivyo desturi. Tofauti ni kwamba aliyevaa rangi ndiye aliyeichagua.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa Kibera kuliko inavyodhaniwa. Kwa miaka mingi mtaa huo nao ulikuwa na jina la ulingoni. Ulitangazwa kuwa mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote barani Afrika, wenye watu milioni moja au zaidi. Wageni waliletwa kwa magari kuutazama. Filamu ya 'The Constant Gardener', iliyotoka mwaka 2005, ilipigwa humo. Kisha sensa ya mwaka 2009 ikahesabu wakazi 170,070. Wapo walioikataa hesabu hiyo, na mjadala kuhusu mipaka na njia ya kuhesabu uliendelea. Hata hivyo, kati ya idadi hiyo na milioni moja kuna pengo ambalo makosa ya kuhesabu pekee hayawezi kulijaza. Milioni moja ilikuwa rangi ya usoni. Iliwavutia watazamaji na wafadhili, na kama Kim Chee, kulikuwa na watu waliozungumza kwa niaba ya mtaa huku wenyeji wakinyamaza.

Kawangware haikupewa jina kubwa kiasi hicho. Ina shida zile zile za maji, mitaro na kodi ya nyumba, lakini misafara ya watalii haikuizoea njia yake. Ndivyo ulingo unavyofanya kazi: mwenye kinyago ndiye anayetazamwa, na asiye nacho hupita bila kuonekana. Lakini kuonekana ukiwa na kinyago si sawa na kuonekana.

Kijana wa leo wa Kibera au Kawangware anayetaka kujitokeza mbele ya watu, awe mwanamuziki, mchekeshaji, bondia au mwanamieleka, ana kamera mfukoni ambayo Harris hakuwa nayo. Hana budi kuunda mhusika, maana bila mhusika hakuna anayekumbukwa. Somo la Kamala kwake si kwamba asivae rangi. Ni kwamba aulize mapema, kabla ya kupanda ulingoni: nani ameshika brashi, nani atazungumza, na mapato yanakwenda wapi onyesho likiisha. James Harris aliyajua majibu ya maswali hayo matatu, na yote matatu hayakuwa upande wake. Pamoja na hayo alipanda, akalipiga tumbo lake hadi likavuma, na vijana waliokuwa mbali naye maelfu ya maili, katika kibanda cha mabati, wakasimama juu ya mabenchi.